Dizeli Haipunguzwi kwa Chupa ya Maji

Bwana Mkulima, nawe Mama Mkulima, kama una trekta, pampu au mashine ya kusaga posho inayotumia dizeli, sikiliza neno hili kabla ya kufungua mfuko wako.

Kuna chombo kinachouzwa kwa wenye injini. Ni chupa ya maji yaliyotiwa dawa kali, nayo hufungwa karibu na injini. Umeme wa dainamo huyapasua maji yakawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, nazo huvutwa na injini pamoja na hewa. Muuzaji husema dizeli itapungua sana. Mimi nasema usinunue, na sababu ni hizi.

Umeme huo si wa bure. Dainamo huzungushwa na injini, na injini hula dizeli yako. Tufanye hesabu. Katika sehemu 100 za joto la dizeli, injini njema hutoa nguvu ya sehemu 35 hivi. Ukiipa dainamo hizo 35, utapata umeme wa 20 hivi. Umeme huo ukipasua maji, haidrojeni itakuwa na 14 hivi. Ukiichoma katika injini ile ile, utapata nguvu ya sehemu 5 tu. Umetoa 35, umerudishiwa 5. Ng'ombe anayenyonya maziwa yake mwenyewe hajazi ndoo.

Utaambiwa kwamba haidrojeni huifanya dizeli iungue vizuri zaidi. Lakini injini nzima huunguza karibu dizeli yake yote, kwa hiyo kilichobaki cha kuokolewa ni kidogo mno. Ni kweli kwamba mwaka 2022 wataalamu wa chuo kikuu cha New South Wales, Australia, walitangaza injini ya dizeli inayotumia haidrojeni sehemu 90 katika 100. Lakini injini hiyo ilibadilishwa, na haidrojeni yake ililetwa kutoka nje. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Basi fedha zako zitumie hivi: safisha filta ya hewa, peleka noseli kwa fundi, noa plau, wala usiache injini ikinguruma bure.

Na kama bado unashawishika, mwambie muuzaji mpime kwanza. Jaza tangi mpaka juu, lima ekari moja, jaza tena kwa kipimo, andika lita. Fanya hivyo bila chombo, kisha kwa chombo, katika udongo ule ule. Mali bila daftari hupotea bila habari.