Kwa Watu wa Ndoa: Hesabu ya Watu Wawili



Mama mmoja wa milimani, upande wa Kivu, ametuandikia barua, nasi tumeisoma zaidi ya mara moja. Amezaa watoto sita. Wa nne na wa tano walifuatana upesi. Yule wa nne aliachishwa ziwa kabla ya wakati wake, akavimba miguu, nywele zikageuka rangi: ndiyo bwaki, ugonjwa tunaoujua sote. Mtoto wa sita alizaliwa kwa kupasuliwa, na sasa ana miezi mitatu. Daktari amemwonya mama asishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili kupita. Mama asema: « Nilihesabu siku kama nilivyoelezwa, nikashika mimba vilevile. Mume wangu asema hesabu hizo ni mambo ya wanawake. Nifanye nini? »

Pengine mtu atasema mambo haya hayafai kuandikwa gazetini. Sisi twaona yafaa. Mwili ni kazi ya Mungu, na kuueleza kwa heshima si matusi. Wanafunzi wakubwa nao wasome: kesho watakuwa waume na wake, na afadhali wajifunze hapa kuliko njiani.

Wazee wetu walijua ubaya wa kuzaa haraka haraka. Mahali pengi katika nchi yetu mume na mke walitengana mpaka mtoto aweze kutembea. Tukumbuke jina la kwashiorkor, ambalo Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935: alilipata kwa Waga wa Ghana, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani na ndugu anayemfuata. Lakini tuseme kweli. Zamani mume mwenye wake wengi alipomwacha mke mmoja anyonyeshe, aliingia nyumba nyingine. Aliyejizuia ni mke peke yake. Sisi tuliofunga ndoa mbele ya altare tuna nyumba moja tu. Basi mzigo ule wataka mabega mawili.

Ekleziya yafundisha nini? Papa Pius XII alisema na wakunga tarehe 29 Oktoba 1951, akakubali kwamba watu wa ndoa wenye sababu kubwa waweza kuzifuata siku ambazo mke hashiki mimba. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba mume na mke ndio wanaopaswa kukata shauri hilo wenyewe mbele ya Mungu, kwa dhamiri iliyofundishwa vema. Na Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya tarehe 25 Julai 1968, alikataa njia zinazozuia mimba kwa dawa au kwa vyombo, lakini alikubali tena kuzifuata siku zile. Hakuna basi anayewaambia Wakristu wazae bila kufikiri.

Tujue kwanza jambo lenyewe. Katika kila mzunguko, tangu siku ya kwanza ya damu ya mwezi mpaka siku ya kuamkia damu nyingine, kuna wakati mmoja ambapo yai la mke latoka. Likiisha kutoka, laishi kwa muda wa saa 12 mpaka 24 tu. Lakini mbegu ya mume yaweza kuishi ndani ya mke hata siku 5, ikikuta ute mzuri. Kwa hiyo siku za kushika mimba si moja: ni zile siku 5 za kabla, pamoja na siku yenyewe ya yai. Na yai latoka yapata majuma mawili kabla ya damu inayokuja, si majuma mawili baada ya damu iliyopita. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwenye mzunguko wa siku 24, yai lake laweza kutoka karibu na siku ya 10. Mwenye mzunguko wa siku 33, karibu na siku ya 19. Anayeambiwa « jihadhari na siku ya 14 », bila kuulizwa habari za mizunguko yake, amepewa kiatu cha mtu mwingine.

Sasa tuzipime njia, moja moja.

Ya kwanza ni kalenda. Msingi wake ni kazi ya madaktari wawili wa miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria. Mke huandika urefu wa mizunguko yake kwa miezi 6 au zaidi. Katika mzunguko mfupi kuliko yote hutoa 18. Katika mrefu kuliko yote hutoa 11. Kama mfupi ni siku 24 na mrefu ni siku 33, siku za kujizuia zaanza siku ya 6 na kuisha siku ya 22: siku 17 nzima! Mwenye mizunguko isiyolingana ataona njia hii nzito, tena haina hakika kubwa.

Ya pili ni mkufu wa shanga, uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Kila siku mke husogeza pete ya mpira shanga moja mbele. Shanga nyekundu ni siku ya kwanza ya damu. Shanga nyeupe 12, tangu siku ya 8 mpaka ya 19, ni siku za kujizuia. Hata asiyejua kusoma aweza kuutumia, na mume auona kwa macho yake. Lakini wafaa tu kwa mke ambaye mizunguko yake ni ya siku 26 mpaka 32. Aliyezaa juzi, au anayenyonyesha na damu haijatulia, asiutumie bado.

Ya tatu ni kupima joto. Mke hujipima kila asubuhi, saa ileile, kabla ya kutoka kitandani, akaandika. Yai likiisha kutoka, joto hupanda kidogo, kama sehemu mbili za kumi za digri au zaidi. Likikaa juu siku 3 mfululizo, kupita siku 6 za kabla, basi siku zinazobaki mpaka damu irudi ni salama. Njia hii ina nguvu, lakini haitoi habari mapema, husema tu: « Yai limekwisha kupita. » Tena malaria huipoteza, kwa kuwa homa nayo hupandisha joto, na mama anayeamka mara nyingi usiku kwa ajili ya mtoto hapati kipimo kizuri.

Ya nne ni ute. Daktari John Billings wa Melbourne, Australia, aliianza mwaka 1953, na mke wake Evelyn, daktari naye, akaiendeleza pamoja naye. Baada ya damu, mke huona ukavu. Kisha ute hutokea; mwishoni huwa mwororo, wa kuvutika, kama ute wa yai la kuku. Tangu ute uonekane, mume na mke hujizuia, mpaka siku 3 kamili zipite baada ya siku ya mwisho ya ute ule mwororo. Njia hii haidai fedha wala kalamu nyingi, na yawafaa hata wenye mizunguko isiyolingana. Lakini yataka mwalimu na mizunguko kadhaa ya kujifunza. Na ugonjwa wa njia ya uzazi waweza kumdanganya mke, basi atibiwe kwanza. Wengine huunganisha ute na joto pamoja, ishara moja ikiisaidia nyingine.

Ya tano ni ziwa la mama. Yalinda kweli, lakini kwa masharti matatu: damu haijarudi, mtoto anyonya mchana na usiku bila kupewa uji wala maji, naye hajapita miezi 6. Sharti moja likikosekana, ulinzi umekwisha, hata kama mama bado anyonyesha.

Je, zina hakika gani? Shirika la Afya la Dunia huhesabu wake 100 kwa mwaka mmoja. Kwa shanga zikishikwa sawasawa, 5 hushika mimba. Zikishikwa kama watu wengi wanavyozishika, 12. Kwa ute ukifuatwa sawasawa, 3. Ukifuatwa kwa uvivu, hata 20 na zaidi. Kwa ute na joto pamoja, wakijitahidi, hawafiki hata mmoja. Kwa ziwa, katika miezi ile 6, mmoja au wawili.

Na dawa za hospitali? Wasomaji wetu wanazijua: vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, mipira. Tumekwisha kusema kwa nini Ekleziya haizikubali. Lakini hatutaitetea kwa uongo. Ni uongo kusema kwamba kila anayemeza vidonge atakuwa tasa. Vijiti vya mkononi ni vyenye hakika sana: hafiki mke mmoja katika 100. Vidonge vikimezwa bila kukosa ni hivyohivyo, lakini kwa desturi za watu wake 7 hushika mimba. Kwa mipira, 13. Tena mipira huzuia magonjwa ya zinaa na UKIMWI, lakini hesabu za siku hazizuii ugonjwa wowote. Mwenye shaka juu ya ugonjwa, yeye na mwenzake waende kupimwa, wasifichane.

Twarudi kwako, mama. Hukushindwa kuhesabu, ulipewa njia isiyokufaa. Njia yako ya leo unayo kifuani: mtoto ana miezi mitatu, na kama damu haijarudi wala hajapewa kitu kingine, mnyonyeshe hivyo, mchana na usiku. Lakini usingoje mwezi wa 6 ufike ndipo uanze kutafuta. Anza sasa kujifunza ute kwa mama anayeufahamu vema. Uliza kwa masista wa misioni. Masharti yale matatu yakivunjika, endelea na ute, uongeze joto mara utakapopata usingizi wa kutosha. Kwa kuwa hatari yako ni kubwa, mnapoona shaka, jizuieni. Na damu itakapoanza kurudi, siku zilizo salama kuliko zote ni zile za baada ya joto kukaa juu. Shanga ziache mpaka damu yako itulie. Tena rudi kwa daktari aliyekupasua, wewe na mume wako pamoja, mkamwulize hatari ni kubwa kiasi gani, naye awajibu bila kuficha neno.

Nawe, baba, neno letu la mwisho ni lako. Wasema hesabu ni mambo ya wanawake. Tazama njia zote tulizozipima: ipi mke aweza kuishika peke yake? Aweza kuuona ute, aweza kusogeza shanga. Lakini siku ikisema « ngojeni », jibu ni lako. Ukirudi umelewa na kumshurutisha, kalenda itafanya nini? Papa Paulo VI, katika barua ileile, asema kwamba kumlazimisha mwenzi pasipo kujali hali yake na mapenzi yake ya haki si tendo la upendo wa kweli. Waume wengi huwatupia wake lawama ya mimba ambayo wao wenyewe hawakutaka kuingoja.

Fanya hivi. Nunua daftari dogo, ulitundike karibu na kitanda. Kila jioni mwulize mke wako: « Leo umeona nini? » Naye akujibu, nawe uandike kwa mkono wako mwenyewe. Kazi hiyo haimalizi hata muda wa kuvuta tumbako. Lakini baada ya mwezi mmoja utamjua mke wako kuliko ulivyomjua katika miaka yote iliyopita, naye hataogopa tena usiku ukiingia.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema. Njia njema kwa watu wa ndoa ni ile inayoufaa mwili wa mke kwa wakati alio nao, na ambayo wote wawili wameikubali na waweza kuishika. Mtoto wa nne wa nyumba ile amepona bwaki, mama atuambia, naye sasa aenda shuleni. Baba yake aanze daftari jioni ya leo.