Waraka kwa Wenzangu Tunaopanda Mimbari

Kwa wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama na vijana wote mnaopangiwa zamu ya kuhubiri katika mitaa ya usharika wetu,



Ndugu zangu, nawaandikia kabla ratiba mpya ya zamu haijabandikwa mlangoni. Mchungaji wetu ni mmoja na mitaa ni mingi. Jumapili akiwa kwa wenzetu, Neno linabaki mikononi mwetu sisi ambao wengi hatukukaa chuo cha theolojia: walimu, wakulima, mafundi cherehani, waendesha bodaboda. Hilo si la kuonea aibu. La kuonea aibu ni kupanda mimbari mikono mitupu, kisha kumsingizia Roho Mtakatifu kwamba ndiye aliyetukataza kujiandaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilihubiri habari ya Msamaria mwema kwa karibu saa nzima. Nilianzia Mwanzo, nikapitia Isaya, nikatua Ufunuo. Niliitikiwa "Amina" hadi nikajiona nabii. Tulipotoka nje, bibi mmoja mwenye mkongojo alinishika mkono akasema, "Mwanangu, umesema mengi mazuri. Sasa mimi nikifika nyumbani nishike lipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemtwika gunia la mtama, mchele na maharage vilivyochanganyika na mchanga, nikamwachia yeye kazi ya kuchambua.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja, na ndilo ninalowasihi: mtu asipande mimbari kabla hajaweza kusema hubiri lake kwa sentensi moja ambayo bibi yule angeweza kufika nayo nyumbani. Na sentensi hiyo haipatikani Jumamosi usiku. Hupatikana kwa kulisikiliza somo juma zima. Tuchukue somo lilelile, Luka 10:25–37, tuone juma linavyokwenda.

Jumatatu, lisome kwa sauti. Kalenda ya kanisa imekwisha kutupa somo, hatuna haja ya kuchagua linalotufurahisha. Ukisoma kwa sauti, sikio hukamata kilichorukwa na jicho: kuhani alimwona yule majeruhi, Mlawi alimwona, Msamaria alimwona. Hakuna aliyepita bila kujua. Walichotofautiana ni kile kilichofuata baada ya kuona. Hapo tayari umepata nusu ya hubiri, na hujaazima kitabu cha mtu.

Jumanne, soma kilichotangulia. Mwishoni mwa sura ya 9, kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu, na Yakobo na Yohana wanataka kuagiza moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Baada ya hapo Yesu anasimulia kisa, na mwema wake ni Msamaria! Mhubiri aliyeyaunganisha hayo mawili hawezi tena kumfanya Msamaria kuwa mpita njia mpole tu. Atajua neno hilo lilivyowachoma waliolisikia mara ya kwanza. Na mwalimu wa sheria, alipoulizwa nani alikuwa jirani, hata jina "Msamaria" halikumtoka kinywani. Alimtaja kwa huruma aliyoitenda.

Jumatano, hakiki uliyoyarithi kwa wahubiri wengine. Wengi wetu tumehubiri kwamba kuhani alipita kando akiogopa kunajisika na maiti asiweze kuhudumu Hekaluni. Katazo la makuhani kujinajisi kwa maiti lipo kweli, Walawi 21. Lakini rudi kwenye somo: kuhani alikuwa anashuka. Yerusalemu iko juu milimani, Yeriko iko bondeni chini ya usawa wa bahari, na njia kati ya miji hiyo hutelemka kiasi cha mita 1,000 katika mwendo usiofika kilomita 30. Anayeshuka njia hiyo amelipa Hekalu kisogo. Kwa nini alipita kando, Luka hasemi, nasi tusimsemee. Weka Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 kando ya Biblia Habari Njema ulinganishe maneno. Ukifika kwenye dinari mbili alizopewa mwenye nyumba ya wageni, fungua Mathayo 20, uone kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi waambie watu "kibarua cha siku mbili", nao watajua huruma ile iligharimu nini.

Alhamisi, funga Biblia utoke nje. Mwaka 1530 Martin Luther, akitetea namna alivyoitafsiri Biblia kwa Kijerumani, alielekeza watu wakamsikilize mama nyumbani, watoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni. Nenda sokoni. Nani kwetu amelala kando ya njia? Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa, watu wamemzunguka wakimpiga picha kwa simu? Wote hao wanamwona. Na Msamaria wetu ni nani, yule ambaye hatungependa atuokoe? Lakini usimpige mtu mafumbo mimbarini. Mwenye ugomvi na mzee mwenzake amfuate nyumbani kwake.

Ijumaa, andika sentensi yako. Hapa chunga jambo moja. Swali la bibi yule lilikuwa "nishike lipi", nami kwa muda mrefu nilidhani jibu ni kumpa kazi ya kufanya. Nikawa nawaambia watu jitahidini, pendaneni, saidianeni, nao wanatoka na mzigo mzito kuliko waliokuja nao. Sisi tumefundishwa kutenganisha Sheria na Injili. Kabla msikilizaji hajatumwa kumwinua mwingine, aambiwe kwamba naye alikuwa amelala njiani, na Kristo hakupita kando. Leo hubiri langu la Luka 10 ni hili: umeokotwa, nenda ukaokote. Kisa chochote kisichoitumikia sentensi hiyo, hata kiwe kitamu namna gani, nakiweka akiba.

Jumamosi, liseme hubiri lote kwa sauti, saa iko mezani. Dakika 20 zinatosha. Andika muhtasari wake kwenye karatasi moja, omba, ulale mapema.

Jumapili, simama kwanza, watazame watu wa benchi la mwisho, ndipo useme. Kipaza sauti usikimeze. Mvua ikipiga bati, nyamaza, imbisha pambio, kisha endelea. Usiombeombe "Amina" kama mtu anayedai deni. Na tupunguze lile la "mwambie jirani yako". Bwana wetu hakutuagiza kumwambia jirani. Alituagiza kuwa jirani. Sentensi yako ikishafika, shuka.

Wengine mtasema, "Sisi hatuna kipaji cha kutunga." Kuazima si dhambi. Agostino wa Hipo, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 426 kuhusu kufundisha Neno, alikubali kwamba asiyeweza kutunga lakini anaweza kunena vizuri atumie hubiri la mwingine. Luther naye, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, aliandika mahubiri ya mfano ili wachungaji wasioweza kuandaa yao wapate la kuwapa watu. Lakini hubiri la kuazima nalo lipite juma lilelile: lisomwe, lihakikiwe, lipelekwe sokoni. Ukilitoa kwenye simu Jumapili asubuhi, watu watasikia sauti ya mhubiri wa mji mwingine akiwahubiri watu wa mji mwingine.

Kwa hiyo nawaomba mawili. Kila aliyepangiwa zamu aje kwenye maombi yetu ya Jumamosi na sentensi yake kwenye kipande cha karatasi, atusomee, nasi tumwambie kama imeeleweka. Na baada ya ibada amwendee mtoto mmoja na mzee mmoja, awaulize wamebeba nini. Asijitetee, asikilize tu. Majibu yao ndiyo chuo chetu.

Mimi bibi yule ndiye mtahini wangu hadi leo. Nikifungua Biblia mimbarini, namwona amekaa, mkongojo magotini, anasubiri lake moja.

Ndugu yenu katika shamba la Bwana,
Mwinjilisti mwenzenu