Miwani ya Jua Si ya Kutazamia Jua

Jumamosi ya tarehe 13 Novemba 2032, Mungu akitujalia uhai, sayari ya Utaridi itapita kati ya dunia na jua. Kwa wakazi wa Thika na Ruiru mpito huo utaanza mwendo wa saa tatu na dakika 41 asubuhi na kumalizika saa nane na dakika 7 mchana. Tutaweza kuuona wote, iwapo mawingu ya vuli yataturuhusu. Msomaji atauliza: mbona kulijadili leo jambo ambalo siku yake bado? Jibu ni kwamba hatari ya siku hiyo haitaletwa na Utaridi. Italetwa na maneno tutakayotumia kuwaelekeza watu, na maneno hayo tunayo tayari, nayo yana kasoro.

Tuchukue mfano mmoja. Kila inapotangazwa habari ya kupatwa kwa jua, huambiwa watu wavae miwani maalumu. Habari hiyo ikipita midomo miwili mitatu, neno “maalumu” hudondoka, na kinachobaki ni “miwani ya jua”. Sasa, katika Kiswahili cha kila siku, miwani ya jua ni ile inayouzwa sokoni na vituoni mwa matatu ili kupunguza mng’ao barabarani. Haikutengenezwa kwa kulitazama jua lenyewe. Aliyeivaa hufungua macho zaidi kwa kuwa haumii na mwanga, na miale humwingia bila kizuizi cha maana. Ameyatii maelekezo kama alivyoyasikia, na utii huo ndio utakaomponza.

Mfano wa pili ni “kioo cheusi”. Thika na Ruiru hazikosi mafundi wanaochomelea milango na madirisha ya chuma kando ya barabara, na kijana akisikia kioo cheusi atakimbilia kwao kuazima. Lakini vioo hivyo vina nambari. Kinachopendekezwa kwa kulitazama jua ni nambari 14, ilhali vingi vinavyotumika katika kuchomelea viko chini ya hapo. Maelekezo yasiyotaja nambari ni sawa na dawa isiyotajiwa kipimo.

Neno la tatu ndilo lenye hatari kubwa kupita yote, nalo ni “darubini”. Zuhura ilipopita mbele ya jua tarehe 8 Juni 2004, na tena alfajiri ya tarehe 6 Juni 2012, mtu mwenye miwani halisi ya kupatwa kwa jua aliweza kuiona bila chombo kingine. Utaridi haiwezekani hivyo. Upana wake machoni petu siku hiyo utakuwa takriban sehemu moja ya 190 ya upana wa jua. Bila chombo cha kukuza hakuna atakayeiona, na hapo ndipo watu watakaposhawishika kutwaa darubini, ya jicho moja au ya macho mawili, au kamera yenye lenzi ndefu. Vyombo hivyo hukusanya miale na kuituma yote mahali pamoja. Mtu akivaa miwani ya kupatwa kwa jua kisha akachungulia kwa darubini, miale hiyo iliyokusanywa yaweza kuipenya miwani na kulichoma jicho papo hapo.

Kwa hiyo haitoshi kusema “tumia kichujio”. Sharti tuseme kiwekwe wapi: kwenye mdomo wa darubini au kamera, upande unaolielekea jua, ili miale ipunguzwe kabla ya kuingia. Kikiwekwa upande wa jicho chaweza kupasuka kwa joto. Ikumbukwe pia kwamba retina haina hisia ya maumivu. Mtoto ataungua asijue, na agundue baada ya saa kadhaa kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Wahenga walinena heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini hawakutuamuru tuyaue macho kwa uzembe.

Je, shule isiyo na fedha za vichujio ifanye nini? Ipige picha karatasi badala ya jua. Pierre Gassendi, mtu wa kwanza kuushuhudia mpito wa Utaridi, mjini Paris tarehe 7 Novemba 1631, hakulikodolea jua macho. Aliangusha taswira yake juu ya karatasi nyeupe, akastaajabu jinsi sayari ilivyokuwa ndogo. Njia yake ingali njema. Darubini ifungwe imara juu ya kiguzo, na ikiwa ni ya macho mawili, upande mmoja uzibwe. Ielekezwe kwa kukitazama kivuli chake: kinapokuwa kifupi kabisa, jua limenaswa. Karatasi iwekwe kivulini nyuma yake. Duara la jua likiwa na upana wa sentimita 10, Utaridi itakuwa kitone cha nusu milimita hivi. Hapo simu yoyote yaweza kukipiga picha kila nusu saa, na picha zikipangwa zitaonyesha kitone kikisafiri. Mwalimu asimame kando muda wote ili mtoto yeyote asichungulie, na darubini iondolewe juani mara kwa mara isipate moto.

Wapo watakaosema kwamba maelekezo haya yamejaa tele kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini mama muuza mboga wa Makongeni na utingo wa matatu ya Ruiru nao wana macho. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na urasmi huo hauna maana ikiwa onyo la kuokoa macho hutafsiriwa nusunusu dakika ya mwisho.

Yafaa basi Wizara ya Elimu, serikali ya Kaunti ya Kiambu na vyombo vya habari vikae na walimu wa sayansi pamoja na wa Kiswahili, viandike maelekezo mafupi yasiyo na utata: kifaa gani, nambari gani, kiwekwe upande upi. Tarehe 2 Agosti 2027 ni siku ya jua kupatwa kwa sehemu hapa Kenya. Maelekezo hayo yana kazi hata kabla ya Utaridi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa angali shuleni mwaka 2032. Tumfundishe mapema kwamba miwani ya jua ni kitu kimoja, na miwani ya kutazamia jua ni kitu kingine kabisa.