Daraja Lisilovusha: Mwalimu wa Darasani na Matumaini ya Kupanda Cheo

Neno daraja lina maana pana katika lugha yetu. Ni kivukio cha mto, na vilevile ni kiwango cha mtu kazini. Maana zote mbili zinabeba wazo moja: kumtoa mtu hapa na kumfikisha kule. Makala haya yanashikilia kwamba daraja alilowekewa mwalimu wa darasani nchini Kenya halimvushi, na kwamba ila haimo katika bidii yake.

Natuitazame barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Namanga. Kitengela, ingawa imo katika kaunti ya Kajiado, imekuwa chumba cha kulala cha jiji, na kodi za nyumba zake zinakimbizana na za Nairobi. Hata hivyo, posho ya nyumba ya mwalimu hupimwa kwa kituo chake cha kazi, na kituo kilicho nje ya jiji hulipiwa kidogo kuliko cha jijini. Huko Namanga mpakani, mwalimu hununua unga katika soko lile lile analonunulia wakala wa forodha. Pato la wakala hupanda biashara inapochangamka. La mwalimu husubiri mkataba.

Mikataba nayo ina historia yake. Mwaka wa 1997, baada ya mgomo, serikali iliridhia nyongeza kubwa ya mishahara ambayo ingelipwa kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ilipolipwa, zilizosalia zikasimamishwa, na walimu wakagoma tena mwaka wa 1998 na 2002. Mkataba uliotiwa sahihi Julai 2021 haukuwa na nyongeza ya mshahara hata kidogo, hadi uliporekebishwa mwaka wa 2023. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mwalimu amekuwa mdai asiyelipwa kwa wakati.

Mshahara ukikwama, tumaini linalobaki ni cheo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Chini ya mwongozo wa Tume ya Huduma za Walimu uliozinduliwa mwaka wa 2018, mwalimu wa sekondari mwenye shahada huanzia daraja la C2, kisha hupanda hadi C3 bila ushindani. Kutoka hapo na kuendelea, sharti nafasi itangazwe, aombe, asailiwe. Isitoshe, vyeo vya juu vimefungamanishwa na uongozi wa shule. Nyongeza ndogo ya kila mwaka nayo hukoma afikapo kilele cha daraja lake. Basi mwalimu hodari wa fasihi, asiyetamani kiti cha naibu wala cha mkuu, anaambiwa nini? Kwamba ili atuzwe kwa kufundisha vyema, hana budi kupunguza kufundisha.

Wapo watakaodai kwamba hazina ya taifa haiwezi kumpandisha kila mtu, na kwamba usaili huchuja wazembe. Dai hili lina uzito. Si haki cheo kitolewe kwa umri wa utumishi pekee. Lakini usaili huchuja kwa haki pale tu nafasi zinapokuwapo. Walimu wengi wanapogombea viti vichache, anayeachwa si lazima awe mzembe.

Yapasa basi mambo mawili yafanyike. Kwanza, iwepo ngazi ya ualimu wa darasani inayofika juu sawa na ile ya uongozi, ipimwe kwa umahiri wa kufundisha. Pili, kila aliyesailiwa aelezwe alama zake na sababu ya kuachwa, ili ajue pa kujirekebisha.

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutashika chaki. Tusingoje tukwame ndipo tujiunge na vyama vya KNUT na KUPPET na kudai haya. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, lakini sharti mti uwe umepandwa.