Mali bila daftari, na wakala bila maelezo

AHADI inayovuma siku hizi katika biashara ni kwamba kazi ya kutafuta wateja inaweza kuachiwa wakala wa akili mnemba. Wakala huyu si yule wa kibandani anayetoa na kuweka fedha kwa simu. Ni programu ya kompyuta inayopokea agizo, ikachagua chombo cha kutafutia, kisha ikaleta orodha ya watu wanaoweza kununua bidhaa yako.

Hatupingi maendeleo. Mwenye mashudu ya pamba Bunda anahitaji wafugaji wa kuyanunua, na mwenye dagaa Musoma anahitaji soko zaidi ya mwalo wake. Hoja yetu ni kwamba chombo hicho kisilipiwe hata senti moja kabla maelezo yake hayajaandikwa barabara.

Karani wa dukani asipoelewa agizo, huuliza. Wakala wa programu husoma maelezo ya chombo, na kwa hayo huamua akitumie lini na akipe taarifa gani. Ndivyo ulivyo utaratibu uitwao Model Context Protocol, uliotolewa na kampuni ya Anthropic ya Marekani Novemba 2024: kila chombo hutajwa jina, kazi yake, na taarifa zinazohitajika ili kukiendesha. Maelezo yakiwa mabovu, orodha itakuwa mbovu, na hasara ni ya mwenye duka.

Chukua neno "Musoma". Ipo Manispaa ya Musoma, na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Butiama nayo ilikuwa ndani ya Musoma Vijijini kabla ya kuwa wilaya. Kumbukumbu za zamani zinaweza kumweka mfugaji wa Butiama chini ya Musoma hadi leo. Lori la mashudu likitoka Bunda, njia zinagawanyika Makutano. Aliyeelekezwa vibaya atalipia mafuta mara mbili. Kwa hiyo maelezo yaseme chombo kinafuata mipaka ipi, na taarifa zake ni za mwaka gani.

Pili, yaseme chombo kinatafuta wapi. Daftari la BRELA lina kampuni na majina ya biashara yaliyosajiliwa. Mama anayenunua dagaa kwa debe pale Mwigobero huenda hayumo humo, wala kwenye intaneti. Chombo kisichosema hivyo kitamwaminisha mfanyabiashara kuwa soko ni hoteli na maduka makubwa tu, huku wanunuzi wake wa kila siku wakiwa hawaonekani.

Tatu, yaseme nini kitatokea mteja asipopatikana. Jibu sahihi ni "hakuna". Programu hizi zina tabia ya kujaza pengo kwa kubuni, na jina la kubuni halinunui gunia.

Nne ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu asajiliwe na Tume, na inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Namba ya simu ya mfugaji ni taarifa binafsi. Maelezo yasipoonyesha imetoka wapi, na jinsi ya kumwondoa asiyetaka kusumbuliwa, mnunuzi wa orodha anajitafutia matatizo.

Watasema wauzaji kuwa kuandika yote hayo ni kuchelewesha biashara, na kwamba mteja mdogo hayasomi. Hoja hiyo haina uzito. Maelezo hayo husomwa kwanza na wakala mwenyewe, kila anapofanya kazi. Kuyaruka ni kuuza mizani isiyo na alama za kilo.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka fedha katika kampuni changa za namna hii, kipimo ni rahisi. Usianze na picha za kuvutia. Omba ukurasa wa maelezo, kisha toa agizo moja: wanunuzi watano wa mashudu wilayani Butiama, kila mmoja na chanzo cha taarifa yake na tarehe iliyohakikiwa. Wakipatikana wawili wa kweli na chombo kikakiri kuwa watatu hawapo, hapo pana biashara. Wakiletwa watano wasiopokea simu, funga mkoba wako.

Tumezoea kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakala bila maelezo atakuwa mpotezaji mwenye kasi zaidi.