Seva Ipimwe Kwanza kwa Uaminifu Wake

Mwanafunzi aliyepata alama 37 katika hisabati aweza kuonekana amepata 77 bila ya mkono wa mtu yeyote kugusa orodha. Katika msimbo wa kompyuta tarakimu 3 huandikwa 00110011, na tarakimu 7 huandikwa 00110111; tofauti ni biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka diskini, faili itafunguka kama kawaida, wala hapatakuwa na ishara yoyote ya kumshtua anayeisoma.

Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila anayechagua mfumo wa faili, yaani programu inayopanga mahali pa kuhifadhi kila faili katika diski na kuirudisha inapohitajika. Desturi iliyozoeleka ni kuuliza upi una kasi zaidi. Swali hilo si la kipuuzi, maana seva moja huhudumia watu wengi kwa pamoja. Kosa ni kulitanguliza.

Sehemu ya kasi hiyo hutokana na kuahirisha kazi: data hukaa kwanza katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, ndipo iandikwe diskini baadaye. Mwaka 2009 baadhi ya watumiaji wa ext4, mfumo wa faili wa Linux, walikuta faili zao ni tupu baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Wakaambiwa kwamba ni programu zao zilizopaswa kuomba data iandikwe mara moja. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, ila haikumrudishia mtu faili yake; hatimaye mfumo ulirekebishwa. Ni kweli kwamba ext4 hutunza shajara ya mabadiliko ili umeme ukikatika mpangilio usivurugike. Lakini shajara hulinda mpangilio. Haihakiki yaliyomo ndani ya faili.

Wapo wasemao kwamba diski yenyewe hujisahihisha. Hujisahihisha, na makosa mengi huishia humo. Hata hivyo, utafiti uliotolewa mwaka 2008 kuhusu diski milioni 1.53, zilizochunguzwa kwa miezi 41, ulikuta zaidi ya mara 400,000 ambapo data haikulingana na namba yake ya uhakiki. Makosa hayo yaligunduliwa kwa sababu tu mifumo ile ilikuwa na namba za kulinganisha.

Hapo ndipo ubora wa ZFS, mfumo ulioanza kubuniwa mwaka 2001 na Jeff Bonwick na wenzake katika kampuni ya Sun Microsystems, unapodhihirika. Kila fungu la data hukokotolewa namba ya uhakiki, na namba hiyo haiwekwi pamoja na fungu lenyewe bali katika fungu jingine linaloonyesha lilipo. Sababu yake ni nzuri sana. Diski ikidai imeandika ilhali haikuandika, fungu la zamani na namba yake ya zamani vingepatana kama vingekaa pamoja, na uongo usingejulikana. Penye nakala mbili, mfumo huchukua iliyo sahihi na kuitengeneza iliyoharibika.

Uhakiki huo una gharama. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani bali mahali papya, hivyo hifadhidata inayobadilishwa vipande vidogo vidogo hutawanyika, na kuisoma kwa mfululizo huchukua muda mrefu zaidi. Kwa data ya kupita, gharama hiyo yaweza kukataliwa. Kwa alama za mitihani au kumbukumbu za wagonjwa, yafaa kulipwa.

Anayeilipa na anunue diski ya pili, kwani penye nakala moja tu namba huonyesha kosa bila ya kulitibu, na nakala nyingine aiweke jengo jingine, maana hakuna mfumo uzuiao moto. Tena apange seva isome na kuhakiki data yote kila mwezi, hasa matokeo ya miaka iliyopita, ambayo huenda yasifunguliwe na mtu hadi siku mwenyewe atakapokuja kudai cheti chake.