Mpira mdogo wa tenisi wazua mjadala mkubwa

KATIKA miaka ya karibuni wachezaji nyota wa tenisi wamekuwa wakielekeza lawama zao si kwa waamuzi wala kwa ratiba, bali kwa mpira wenyewe.

Mwaka 2022 Iga Swiatek wa Poland, aliyekuwa akishika nafasi ya kwanza duniani, alilalamika hadharani kuwa mipira waliyopangiwa wanawake katika US Open ilikuwa myepesi mno na vigumu kuidhibiti. Wanaume walitumia aina nyingine. Ajabu ni kwamba Swiatek alitwaa kombe kwa mipira hiyo hiyo, lakini hoja yake ilisikika, na kuanzia mwaka 2023 pande zote mbili zilipewa mpira wa aina moja. Mwaka huo huo Taylor Fritz wa Marekani aliyahusisha maumivu ya kifundo cha mkono wake na kubadilishiwa mipira kila wiki.

Kuudhibiti mpira kwa sheria si jambo geni. Mwaka 1480 Mfalme Louis XI wa Ufaransa aliwapiga marufuku mafundi kujaza chaki, mchanga au unga wa mbao ndani ya mipira ya ngozi, akitaka ijazwe sufu. Mpira wa mpira halisi, wenye uwazi ndani, ulikuja na tenisi ya majani, ambayo Walter Clopton Wingfield wa Uingereza aliiandikishia hataza mwaka 1874. Rangi ya manjano iliruhusiwa mwaka 1972 ili watazamaji wa televisheni wauone vizuri. Wimbledon iling'ang'ania mweupe hadi 1986.

Mpira wa leo ni vikombe viwili vya mpira vilivyogundishwa, ndani yake mkiwa na hewa yenye mgandamizo unaokaribia mara mbili ya ule wa nje. Juu hubandikwa vipande viwili vya kitambaa cha sufu na nailoni. Hewa hiyo huvuja polepole, ndiyo maana mipira huuzwa katika makopo yaliyofungwa kwa mgandamizo. Ipo pia isiyotegemea hewa, ambayo hudumu zaidi lakini huonekana mizito mkononi.

Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, linataka mpira uwe na uzito wa gramu 56.0 hadi 59.4, na ukiangushwa kutoka sentimita 254 udunde kati ya sentimita 135 na 147. Ni nafasi pana. Mipira miwili yaweza kutofautiana kwa zaidi ya gramu tatu na yote ikawa halali. Kitambaa nacho hutofautiana: kingine hufumuka manyoya haraka, mpira ukawa mzito hewani, na mkono hulazimika kuongeza nguvu.

Fedha ndizo zinazoamua. Kila shindano huingia mkataba wake: Wimbledon na Slazenger tangu 1902, US Open na Wilson tangu 1979, Australian Open na Dunlop tangu 2019. Mwaka 2024 ATP na WTA zilitangaza mpango wa kutumia mpira mmoja kwa kila mfululizo wa mashindano. Ni hatua nzuri, ila mashindano makuu manne hayako chini ya vyombo hivyo, na huko ndiko mechi za wanaume huchezwa hadi seti tano.

Kwa Afrika Mashariki suala lina sura nyingine. Sheria za ITF huruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kwani huko hewa ni nyepesi na mpira wa kawaida hudunda kupita kiasi. Nairobi imeupita mwinuko huo kwa mbali, na hali kadhalika Kigali, ambayo tangu 2024 imekuwa ikipokea wachezaji wa kulipwa katika mashindano ya ngazi ya Challenger. Mchezaji anayetoka kwenye mazoezi ya Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, hukuta mpira ukimpita kichwani kabla hajazoea.